Askari wa Mahindi Yake

Phineas Masinde alikuwa amelala wima, mikono juu ya mpini wa jembe, saa nne asubuhi, katikati ya shamba lake mwenyewe kule Mautuma. Magugu yalimfika magotini. Majirani walikwisha kumzoea. Walipopita walilisalimia jembe badala yake.

Kwa miaka kumi na minne alikuwa bawabu wa usiku wa mzungu aliyemiliki mashamba hayo. Uhuru ulipokuja, mzungu akafunga virago, ardhi ikakatwa vipande, na Phineas akapata chake. Usingizi ndio haukuja. Usiku hakupata hata lepe, na mchana ulimwangusha popote ulipomkuta. Sasa bwana shamba alikuwa ameonya: palizi isipokwisha mwezi huu, kipande kile atapewa mwingine. Maskini Phineas, hofu hiyo nayo ikazidi kumkodolesha macho.

Mkewe, Nanjala, akampeleka hospitali mjini Kakamega. Daktari Kipruto, mtu wa masihara, alimpima kifua na damu, kisha akaketi.

"Mwili wako ni mzima kuliko wangu," alisema. "Ukiingia kitandani unafanyanga nini?"

"Nasikilizanga mwizi wa mahindi."

"Alikuja lini mara ya mwisho?"

Phineas alifikiri sana. "Hajawahi kuja."

Nanjala alicheka hadi akashika mlango. Phineas aliona haya. Kumbe mzungu alikwenda zake, na yeye akabaki kazini bila kuajiriwa na mtu.

Hakupewa hata kidonge. "Kitanda ni cha kulala, si cha kulinda," daktari alimwambia. "Usingizi ukikataa, toka, kaa jikoni mpaka uje wenyewe. Alfajiri amka, hata kama hukulala. Mchana usifumbe jicho. Na chai ya jioni umwachie mama."

Mazoea yana tabu. Wiki ya kwanza ilikuwa shubiri. Walilima bega kwa bega, na kope za Phineas zilipoanza kushuka, Nanjala alimrushia kibonge cha udongo.

"Baba Selpher, zamu yako iliisha."

"Nani aliniachisha?"

"Mimi."

Mistari ya mahindi ikaanza kuonekana. Usiku, safari za jikoni zikapungua, zikawa moja, kisha hakuna.

Asubuhi moja alizinduka jua limekwisha kupanda. Uani kulikuwa na sauti ya mwanamume.

"Nimezunguka shamba lote, magugu sioni," bwana shamba alikuwa akisema. "Mwenyewe yuko wapi?"

"Amelala," Nanjala akajibu, kwa fahari ya mke wa diwani.

Phineas alikaa kitako. Mtu mzima, tena mwenye buti, alikuwa ameingia shambani mwake, amekagua mstari kwa mstari, na yeye hakusikia hata mchakacho. Moyo wake ulijaa furaha, machozi yakamlengalenga. Akajilaza tena, akavuta blanketi hadi kidevuni.

"Mama Selpher," aliita, "mwambie mgeni aongeze chai. Nakuja."