Simama ya Pili

Kabla Elinami hajafika mgahawani, washabiki walikuwa wameshamfukuza ukocha.

Alilijua hilo pale mlangoni. Mazungumzo yalikatika, kisha mtu mmoja akauliza kwa sauti ya kujikaza kama tambi za leo zina pilipili. Meza tatu zilikuwa zimeunganishwa karibu na friji ya soda, na karibu kila aliyekaa alikuwa amevaa fulana ya njano yenye jina la kampuni ya mizigo ya Rashid, mfadhili wao, mgongoni. Elinami naye alikuwa na ya kwake, imejaa vumbi la kiwanja. Aliweka chini mfuko wa rungu na glavu, akanawa mikono, akatafuta kiti.

"Karibu, Kocha," alisema Rashid, akimsogezea birika la chai. "Kaa. Tulikuwa tunakusema."

"Nimesikia mlivyonyamaza."

Walicheka kidogo, si sana.

Walikuwa wameshindwa besiboli kwa pointi moja na wahandisi wa kiwanda cha vipuri vya magari, watu wa makamo wenye vitambi. Mambo yalikwenda hivi. Ilikuwa raundi ya mwisho, wachezaji wawili wa Elinami wameshatolewa; akitolewa wa tatu, mchezo umekwisha. Jaffari alikuwa kituo cha kwanza. Liévin, mfanyabiashara wa suruali kutoka Lubumbashi ambaye siku za kazi huburuta marobota kule soko la nguo la Shahe, aliupiga mpira ukaenda mbali, kulia kabisa. Jaffari akapita kituo cha pili bila kugeuka, akakikimbilia cha tatu, akajirusha kifudifudi, mikono mbele. Mpira uliorushwa kumwahi ulimpita mdakaji ukabiringika hadi kwenye uzio. Njia ya kurudi nyumbani, pale ambapo pointi hupatikana, ilikuwa nyeupe. Kilichobaki ni kuinuka na kukimbia.

Elinami alikuwa pale pale kando ya kituo cha tatu, mahali pa kocha. Alipaza sauti: "Simama! Simama!"

Jaffari aliinuka, akapiga hatua moja, akaurudisha mguu kwenye kituo, akabaki hapo kama mlingoti. Mpira ukaokotwa. Mpigaji aliyefuata alichapa hewa tu mpaka akatolewa, na kila mtu akaenda kukusanya vitu vyake.

"Sasa Kocha," alisema Careen, mwanafunzi kutoka Nakuru ambaye huja kiwanjani na ndoo tupu ya rangi na kuipiga kama ngoma. "Wasee hapa wako na swali moja tu. Mpira uko kwa fensi. Kijana ako kituo ya tatu. Nyumbani hakuna mtu. Unamwambia asimame ya nini?"

"Uoga," mtu wa upande wa pili alimjibia. "Kocha anafundisha kama mtu anayevuka barabara na trei ya mayai."

"Pointi mei you," alidakia mwingine, akipunga kiganja kama wauza nguo wa Shisanhang wanapokuambia saizi yako haipo. "Kocha mei you. Turudi nyumbani."

Hapo walicheka vizuri. Hata mama mwenye mgahawa, Mchina aliyeelewa hayo maneno mawili tu ya kwao, aligeuka kuangalia ni nini kilichokosekana.

Lakini mwisho wa meza kulikuwa na kesi nyingine. "Mnamwonea Kocha," alisema kijana mmoja wa duka la simu. "Mimi nilikuwa nyuma ya uzio. Dogo kainuka, kaangalia kule mbele, miguu ikagoma. Kuogopa kule nakujua, niliwahi kuogopa hivyo siku ya harusi."

Elinami aliangalia alikoangalia yule kijana. Jaffari alikuwa ameketi kando ya ukuta, bakuli mbele yake halijaguswa. Alikuwa mwaka wa kwanza wa udaktari, mtu wa Lindi, na tangu kiwanjani hakuwa amesema neno. Alikuwa ameivua fulana ya njano, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya magoti, kama kitu cha kuazima kinachosubiri mwenyewe.

Ile fulana ilimsumbua Elinami kuliko kelele. Yeye, aliyekuja mji huu kusomea uhandisi wa madaraja, ndiye aliyeianzisha timu, kwa rungu moja alilorithi kwa Mkorea aliyekuwa akirudi kwao. Sheria za mchezo alijifundisha kwenye video, usiku wa kuamkia mazoezi, akizirudia rudia mpaka zikamkaa. Watu wa jengo la Tianxiu, lenye maduka na ofisi zao, walipomcheka kwamba besiboli ni mchezo wa kusimama nusu saa ukisubiri kukimbia dakika moja, aliwaeleza kwa rede, ile ambayo Wakenya huiita kati: kuna mrushaji, kuna wa kukwepa, kuna wa kuwahi. Polepole wakaelewa. Rashid, wakala wa mizigo mwenye ofisi ghorofani, akakubali kulipia kiwanja na fulana. Na sasa walikuwa wameelewa kiasi cha kumfukuza kocha.

Rashid aligonga meza kwa kijiti cha kulia tambi.

"Hawa wanataka timu nimpe Joachim wa ghorofa ya chini," alisema. "Joachim amefundisha mpira wa miguu Morogoro, angalau anajua kupiga kelele. Mimi kwetu Tanga tumefundishwa tusihukumu kwa makelele. Nakuuliza swali moja, Elinami, unijibu ndiyo au siyo. Ulimwambia asimame, au hukumwambia? Na kama dogo alikaidi, sema tu. Hakuna atakayemla. Ni kijana, atajifunza."

Elinami alifungua kinywa akakuta majibu yote mawili ni ya kweli. Akisema ndiyo, timu ingekuwa ya Joachim kabla chai haijapoa. Akisema siyo, timu ingebaki kwake, na Jaffari angekuwa mwoga mbele ya watu wote aliowajua katika mji huu. Mlango huo Rashid alikuwa ameshamfungulia.

"Nilimwambia asimame," alisema taratibu. "Lakini sikumwambia asimame."

Meza nzima iliangua kicheko. "Ndiyo faida ya kusomea madaraja hiyo," alisema yule wa trei ya mayai. "Mtu mmoja, kingo mbili."

"Apana, mungoje," alisema Liévin, akiinua mkono. "Mimi nilikuwa ku kituo ya pili, nilisikia muzuri. Nikasema bon, coach anamuambia ainuke. Alikuwa chini, non? Mutu iko chini, unamuambia simama, ni kuinuka. Kwetu tunasemaga lamuka, njo ingekuwa wazi."

"Kwa Kiswahili cha watu," alisema Rashid, "aliye chini huambiwa inuka. Simama ni la gari."

"Na mwalimu akiingia darasani mnaambiwa aje?" aliuliza Careen. "Simameni. Ama huko Tanga mlikuwa mnaendesha gari darasani?"

Wakaanza kubishana kweli kweli, kila mmoja na mwalimu wake, na askari wake wa barabarani. Liévin akachukua birika kwenda kuongeza maji ya moto. Careen naye akaenda kwenye friji. Alifungua mlango wake, akawapa mgongo, akachagua soda bila haraka, kisha akapaza sauti ile ile anayoitumia kiwanjani:

"Simama!"

Rashid alikuwa ameshanyanyuka nusu kutoka kitini, vijiti mkononi. Katikati ya ukumbi Liévin alikuwa ameganda na birika lake, mguu mmoja mbele. Mpishi alichungulia kutoka jikoni.

"Muone wenyewe," alisema Careen. "Mmoja ameinuka, mmoja amegota. Na sijaongea na mtu."

"Umenishtua tu," alisema Rashid akikaa, lakini hakuna aliyemwamini.

Kesi ikawa kama imekwisha. Neno ndilo lenye hatia, na neno halina fulana ya kuvuliwa. Watu walirudia mishikaki yao. Yule wa duka la simu alianza habari ya meli iliyochelewa. Elinami aliona kwamba ameokoka, na angeweza kunywa chai yake akaenda zake.

Ila Jaffari bado hakuwa ameivaa fulana. Na kuna kitu kilikuwa hakijamkaa Elinami sawa, kama hesabu inayotoka upesi mno. Alivuta chupa ya siki akaiweka mbele yake.

"Jaffari, sogea huku. Hiki ni kituo cha tatu. Lile bakuli ni nyumbani. Ulinisikia mara ngapi?"

"Mbili, Kocha."

"Ya kwanza, ulikuwa wapi?"

"Chini. Mchanga mdomoni."

"Ukafanya nini?"

"Nikainuka."

"Na ya pili?"

Jaffari aliitazama chupa ya siki. "Nilikuwa nimeshainuka, naondoka. Nikasimama."

"Kwa hiyo ulitii zote mbili."

"Ndiyo, Kocha." Kisha akashusha sauti. "Ndiyo maana nilikosa la kusema. Nikisema nilitii, ni kama nakushitaki."

Elinami aliigeuza ile chupa kidogo, akairudisha ilivyokuwa.

"Ya kwanza ilimwinua," alisema. "Kama ningeishia hapo, angefika. Ya pili sikuihitaji, mdomo ulitangulia tu. Na hiyo ndiyo iliyomsimamisha, kwa sababu aliyekwisha kuinuka akiambiwa simama hana namna nyingine ya kuelewa. Bwana Rashid, jibu lako ni ndiyo. Sikukusudia, lakini nilimwambia, naye akafanya. Hakuogopa."

Yule wa duka la simu alisogeza tambi zake pembeni. "Basi nilikuona vibaya, dogo," alisema. "Jua lilinipiga machoni."

"Na ile ya harusi?" aliuliza Careen.

"Ile ilikuwa kweli."

Rashid alifuta vijiti vyake kwa karatasi, kimoja kimoja. Alikuwa mtu wa kupanga makontena. Alipenda kila kitu kijulikane kiko wapi.

"Mtu anayejua kosa lake liko kwenye neno la ngapi sioni kwa nini nimwondoe," alisema hatimaye. "Timu itabaki kwako mpaka msimu uishe. Joachim nitaongea naye mwenyewe. Lakini pale kituo cha tatu usikanyage tena. Asimame mtu mwingine."

"Asimame," alisema Careen, "ama asimame?"

Safari hii hata Rashid alicheka, akapaliwa, Liévin akampigapiga mgongoni kwa mkono wenye birika, chai ikamwagika, mama mwenye mgahawa akaja na kitambaa huku akinung'unika. Walipotulia, swali la nani achukue nafasi ile lilikuwa bado lipo. Liévin hukimbia. Careen sheria za mchezo hazijui, na alikiri hivyo bila aibu.

"Nitakaa mimi," alisema Jaffari.

Alikuwa ameikunjua fulana na kuivaa, vumbi na yote, na sasa alikuwa akivuta bakuli lake karibu.

"Na siku wewe ndiye unayekimbia?" aliuliza Rashid.

Jaffari alitafuna kwanza, akameza.

"Nikikimbia mimi, Kocha arudi," alisema. "Ila aseme mara moja."