Mishale ya Chaki

Nianze na ubaya wangu, maana wema wangu nimeshautangaza vya kutosha.

Mimi ni fundi wa kushona. Huu ni mwaka wa ishirini na mbili niko katika chumba kile kile: meza ndefu ya kukatia, cherehani tatu, kioo kilichopasuka pembeni, na taa moja ambayo huwaka ikitaka. Watu huniita Mama Milimita. Jina lilianza siku mteja mmoja aliponijia juu kwamba suruali yake inambana. Nikaipima mbele ya watu, nikampima na yeye, nikamwambia, "Suruali haina kosa. Aliyezidi ni wewe, milimita sitini." Watu wakacheka, jina likabaki, na mimi nikalivaa. Nilikuwa radhi nilale njaa kuliko kulipoteza jina hilo.

Nafanya kazi na wifi yangu, mke wa marehemu mdogo wangu. Nilimfundisha mimi, tangu kutunga uzi kwenye sindano. Ana mkono mtulivu na si msemaji. Mimi nasema kwa niaba yetu sote wawili. Miaka mitatu ilipopita nikamruhusu kushika mkasi mkubwa. Kwetu hiyo ndiyo heshima, maana kosa la mshono hufumuliwa, lakini kosa la mkasi halina dawa.

Basi kwaya ya kanisa letu ikaagiza majoho ishirini na manne ya mahameli, rangi ya zambarau, ya kuvaliwa siku ya kufungua jengo jipya. Asiyeijua mahameli aijue sasa. Ina vinyoya vifupi vilivyolala upande mmoja. Ukiipapasa kuelekea vinakolala inateleza, ukirudi nyuma inakataa, na rangi nayo hubadilika. Ndiyo maana vipande vyote vya nguo moja lazima vinyoya vyake vielekee upande mmoja, la sivyo kipande hiki kitang'aa na kile kitakuwa kama kimemwagiwa maji.

Asubuhi ya kukata, wifi alichelewa. Alikuwa amempeleka mwanawe kliniki. Nikakitandaza kitambaa mwenyewe. Kwa nyuma nikachora mishale midogo ya chaki, mwanzo hadi mwisho, kuonyesha vinyoya vinalalia wapi. Kisha nikakikunja ncha kwa ncha, kama ninavyokunja pamba kila siku, ili mkato mmoja utoe vipande viwili: cha juu kiwe mbele kulia, cha chini mbele kushoto. Nikabana karatasi za vipimo, nikachora mistari ya kukatia. Mikono ilifanya yenyewe, akili yangu ilikuwa kwenye somo ambalo ningewafundisha kina mama kanisani Alhamisi ya wiki iliyofuata. Sasa, mahameli ukiikunja hivyo, tabaka la juu linatazama huku na la chini linatazama kule. Nimewahi kumfokea mtu kwa kosa hilo hilo. Wifi akaja, akakuta kila kitu kimepangwa, akakata palepale nilipochora.

Sehemu za mbele nilizishona mwenyewe, mishale ikiwa chini ya pua yangu, na sikuitazama. Nani akague kazi ya Mama Milimita?

Jumamosi tukayapeleka majoho kanisani wayajaribu. Jengo jipya lina madirisha makubwa, na chumba chetu, kama nilivyosema, kina ile taa. Waimbaji walipojipanga mbele pale mwanga ukawapiga, na upande wa kulia wa kila joho ukang'aa, wa kushoto ukawa mweusi tii. Watu ishirini na wanne, wote wamegawanyika katikati.

Mwenyekiti wa kwaya, mwalimu mstaafu tunayemwita Besi kwa sauti yake, akaizunguka safu nzima mara mbili.

"Ndiyo mtindo wa siku hizi huu?" akauliza. "Nusu mchana, nusu usiku?"

Hakuna aliyecheka. Akauliza tena, taratibu, "Nani alikata?"

"Mimi," wifi akasema. Ukweli ni kwamba yeye ndiye aliyekata, na yeye akiulizwa hujibu alichoulizwa tu.

"Aha. Nilishangaa. Mama Milimita hawezi kufanya hivi."

Siwezi kusema sikujua. Mwanga ulipowapiga tu, nilikumbuka mikono yangu ikikunja kile kitambaa. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikajitia hamnazo, nikainama kuokota pini ambayo haikuanguka.

Besi akaamua kwamba kwaya itaimba na majoho ya zamani. Akaongeza, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko matusi, kwamba kazi za kanisa huyu dada asizikate tena. Wifi akaitikia kwa kichwa. Tulipofika kazini aliutundika mkasi mkubwa ukutani upande wangu, akachukua kopo la vifungo, akakaa kwenye kigoda.

Jumatatu nikamwambia, "Wacha, nitayafumua mwenyewe." Alidhani namhurumia. Nilifumua joho la kwanza, nikaviweka vipande viwili vya mbele kifudifudi, na mishale ikaonekana: mmoja unashuka, mwingine unapanda. Fundi yeyote angeiona hiyo angejua kwamba mkasi haukukosa, aliyekosa ni aliyekunja. Nikachukua brashi. Chaki haina ubishi, ukiisugua mara mbili inaondoka. Nikafuta joho la kwanza, la pili, la tatu, hadi la ishirini na nne, na wifi nyuma yangu anapanga vifungo.

"Asante, wifi," akasema. "Mwingine angeshanifukuza."

Nikajibu kwamba sisi ni ndugu. Hilo nalo nilisema.

Jumanne akaenda kupimwa macho. Alirudi mchana, akavua viatu mlangoni, akakaa bila kushika kazi.

"Wamesema macho ni mazima," akaniambia.

"Si habari njema hiyo?"

"Kama si macho, basi ni mimi mwenyewe."

Usemi ule ulinichoma, lakini nilikuwa nimeshafuta, na aliyekwisha kufuta hujiona hana pa kurudia. Nikajiambia yatapita. Nikajiambia kwamba nikianguka mimi, chumba chote kitaanguka, na yeye atakula wapi? Nilimfanyia hesabu ya huruma huku namvika kosa langu. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nimeliona, nikalifunika kwa mahameli.

Alhamisi alasiri tukakusanyika kwenye ukumbi mdogo, kina mama kama thelathini. Somo nilikuwa nimelichagua mwenyewe mwezi mmoja nyuma: kufa kwa nafsi.

Nilifundisha vizuri. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Nilisema nafsi haifi kwa uzee, lazima iuawe. Nilisema ina majina mengi na mojawapo ni sifa. Nilisema mtu anaweza kumfuata Kristo miaka yote huku akihakikisha msalaba unabebwa na jirani. Kina mama waliitikia amina hadi nikanogewa, nikainua sauti. Mmoja alikuwa anafuta machozi kwa upindo wa kanga. Nikauliza kama kuna aliyeguswa anayetaka kuombewa.

Wifi akasimama. Mtu asiyesema hata kwenye vikao vya ukoo alisimama mbele ya watu wote, mikono ameibana tumboni.

"Niombeeni," akasema. "Niliharibu majoho ya kwaya. Nilienda kupima macho, yakaonekana mazima. Nimejichunguza, nikaona kitakuwa kiburi. Tangu nipewe mkasi nilikuwa najiona fundi. Mungu amenishusha. Naomba mniombee nife mimi, kama wifi alivyofundisha."

Wakaanza kumzunguka wamwekee mikono. Wakanipisha njia, mimi mwalimu, niongoze maombi.

Nilifungua mdomo. Sala ilikuwa tayari, mimi sikosi sala. Nikamtazama mwanamke yule, kichwa ameinamisha, anamwomba Mungu amponye ugonjwa niliompa mimi, na sala nikaiacha.

"Keti, wifi," nikasema. "Si wewe. Ni mimi."

Wakadhani ni unyenyekevu. Mmoja akasema, "Ona moyo wa mama huyu!" Ilinibidi nipaze sauti.

"Sio moyo! Kitambaa nilikikunja mimi, nikakikunja vibaya. Yeye alikata nilipochora. Nimejua tangu Jumamosi. Na ile chaki nimeifuta."

"Chaki gani?" sauti ikauliza kutoka nyuma.

Nilikuwa nimedhani kutubu ni sentensi moja, unaisema, mbingu zinafunguka. Kumbe lazima ueleze hadi ueleweke. Nikaeleza mahameli. Nikaeleza kukunja, mishale, brashi. Kuna aliyeuliza, "Majoho yote ishirini na manne?" Nikajibu yote. Mwingine akauliza kama wifi alikuwepo nilipokuwa nafuta, nikajibu ndiyo, nyuma yangu. Kila swali lilivua kitu, na nilipomaliza sikuwa na kilichobaki cha kuvaa.

Wifi alikuwa bado amesimama.

"Nilikushukuru," akasema. "Jumatatu. Ulikuwa unafuta, na mimi nakushukuru."

Akachukua mkoba wake akatoka. Hakuna aliyeniwekea mikono mimi.

Mchungaji aliniomba nipumzike kufundisha, na niliitikia kwa heshima huku moyoni nikiungua. Maana hapo ndipo nilipogundua kwamba sikuwa nimekufa hata kidogo. Nafsi yangu ilikuwa imezimia tu pale ukumbini, na asubuhi iliamka kabla yangu, imeshapanga utetezi: nimekiri mwenyewe, nani mwingine angekiri? Hata toba yangu ilitaka cheti. Jioni hiyo nilipiga magoti nikakuta sina maneno. Nilizoea kumweleza Mungu mambo kama mteja asiyejua nguo. Sasa nilikaa tu mbele zake, nikasema, "Unajua," nikanyamaza.

Ijumaa hiyo hiyo wifi alikuja kazini kwa wakati wake.

"Nimekusamehe kwa mdomo," akaniambia. "Moyo nao nimeuambia, haujanijibu."

Nikasema sawa. Zamani ningemhimiza, ningemkumbusha mafundisho kuhusu msamaha. Nikaushusha mkasi mkubwa ukutani nikauweka mezani upande wake, naye akauacha hapo siku tatu kabla ya kuugusa. Kwa Besi nilikwenda mwenyewe, nikaeleza upya kitambaa, kukunja na chaki, nikamwomba amrudishie wifi kazi za kanisa. Tulikata upya sehemu zote za kushoto, akitandaza yeye, nikishika ncha mimi. Hatukuzungumza zaidi ya "vuta" na "legeza". Ufunguzi ulikwisha kupita, kwaya imeimba na majoho yaliyopauka, na Besi siku hizi hunisalimia kwa jina la kawaida, bila milimita.

Wiki saba zikaenda hivyo. Alikuwa na adabu, akisema asante na samahani, na kila adabu yake ilikuwa ukuta.

Kisha asubuhi moja nilikuwa nakata koti la nesi, wateja wawili wamekaa kwenye benchi wakinisubiri. Wifi akapita na pasi mkononi, akasimama.

"Wifi," akasema, "mikono yote miwili hiyo ni ya kushoto."

Wateja wakainua macho. Majibu matatu yalinijia kabla sijavuta pumzi: karatasi imechakaa, taa mbovu, nani aliyevuruga meza yangu? Yalikuwa yameshafika ulimini. Nikaiinua mikono ya koti, nikailinganisha juu ya kifua changu, mmoja huku, mmoja huku.

"Kweli," nikasema. "Nimekosea."

Paa halikuanguka. Wateja hawakukimbia. Wifi alinitazama kwa muda mrefu, akitafuta kitu usoni pangu, sijui alikipata au vipi.

"Basi," akasema, "itabidi tumtafutie nesi mkono mwingine wa kushoto."

Akacheka. Alicheka hadi akaiweka pasi chini, na kicheko kile nilikuwa sijakisikia tangu ile Jumamosi. Nikavuta kiti, nikakaa mbele ya wateja wangu na mikono miwili ya kushoto mapajani, nikalia, na sikuona haja ya kumweleza mtu yeyote sababu.