Ndoo ya Kliniki ya Tatu

Kazini wananiita Moto wa Kifuu, eti nawaka upesi na kuzimika upesi. Jina hilo alinipa bosi mwenyewe, daktari anayesimamia utafiti wetu, na watu wote wa maabara wakacheka, kwa kuwa bosi akitania ni lazima ucheke. Nami nilicheka. Lakini tangu siku aliyokuja yule mshonaji nawaka, na sioni dalili ya kuzimika.

Alikuja mchana, akasimama kwenye mlango wenye maandishi makubwa kwamba wageni hawaruhusiwi. Alikuwa ameshika kadi yake ya utafiti, namba arobaini na moja. Vipande vya nyuzi vilikuwa vimemganda kwenye blauzi.

"Samahani, dada. Wewe ndiye unayesoma vipimo vyetu?"

"Ndiye mimi."

"Basi niambie, mimi nina uchafu gani?"

Nikamwambia majibu yanatolewa kliniki, si hapa. Hakuondoka. Akasema mimba yake ilitoka wiki tatu zilizopita, ikiwa na miezi mitano. Mama mkwe wake amewatangazia ndugu wote kwamba tumbo lile ni chafu, na hata wataalamu wameliandika, kadi hii hapa. Mume naye kimya, kama vile mtoto alikuwa wa jirani.

"Hakuna mtu aliyeandika uchafu," nikasema.

"Si mnaniandikia namba? Kila mwezi inapanda."

Namba zile naziandika mimi. Utafiti wetu unafuata wajawazito katika kliniki nne. Kila mwezi wanachukuliwa ute wa ukeni kwa kijiti cha pamba, mimi naupaka kwenye kioo, naumwagia rangi na kuutazama kwa darubini. Uke wenye afya una walinzi wake, bakteria wema, warefu kama vijiti, na kwa rangi yetu wanaonekana zambarau. Wakipungua wanaingia wengine, vidudu vyekundu vidogo vidogo, na tunashuku hao wana mkono katika baadhi ya mimba zinazoharibika. Natoa alama kuanzia sifuri mpaka kumi. Sifuri ni heri, kumi ni shari.

Alipoondoka nilitoa vioo vyake. Mwezi wa kwanza, sifuri. Wa pili nne, wa tatu saba, wa nne tisa. Mwandiko ni wangu, mzuri, umenyooka kama wa mwalimu. Nikatoa vioo vya wenzake wa kliniki ya tatu, wanawake ishirini na wawili, na karibu wote walikuwa wamepanda ngazi ile ile. Kliniki nyingine tatu hazikuwa na kitu kama hicho. Nilikuwa nimeyaona yote hayo kwa miezi, kioo kimoja kimoja, nikaandika na kufunga daftari. Nilijichukia.

Mwezi wa kwanza sampuli zilichukuliwa na watu wetu. Kuanzia wa pili zilichukuliwa na muuguzi wa kliniki. Kesho yake asubuhi nikaenda kuona kwa macho yangu.

Niliiona kabla hata ya kumsalimia mtu. Chooni, mahali ambapo wanawake wanapitia kabla ya kuingia chumba cha kipimo, kulikuwa na ndoo ya maji, kipande cha sabuni ya kufulia na chupa ya dawa ya kuulia vijidudu. Ukutani karatasi imebandikwa: KINA MAMA, JISAFISHENI MPAKA NDANI KABLA YA KIPIMO.

"Sista, nani kaweka hii?"

"Mimi, mwanangu," muuguzi akajibu kwa fahari. Ni mama mtu mzima, karibu anastaafu. "Ndoo naisugua mwenyewe kila asubuhi. Wanakuja wametoka sokoni, wametoka kwenye kazi zao, wanaona haya kuvua. Nawasitiri."

"Unawasitiri? Sabuni inaua walinzi wao! Tunawapima kama wana bakteria wema, na wewe unawaambia wawafukuze kwanza!"

"Usinipigie kelele. Mimi nimezalisha watoto kabla wewe hujazaliwa. Kuna aliyenikataza?"

Na kweli hakukuwa na aliyemkataza. Mwongozo wetu una kurasa sitini, umeeleza mpaka namna ya kukunja karatasi za majibu, na haukuwa na mstari mmoja wa kusema usimwambie mwanamke ajioshe. Sote tulioandika tuliona haya, au tulidhani jambo hilo linajulikana. Nikaibandua ile karatasi na kumwaga maji. Muuguzi akakaa kwenye kiti, akauliza kwa sauti ndogo kama amewadhuru. Nilikuwa na hasira mno hata sikumjibu vizuri.

Bosi alinisikiliza huku akipanga kalamu zake mezani.

"Tutaiondoa kliniki ya tatu kwenye takwimu," akasema. "Hesabu zitabaki safi."

"Na wanawake?"

"Wanawake wamefanyaje?"

"Tumewaambia wanaharibika. Wengine bado wana mimba. Lazima waambiwe."

"Bibie, aliyelala usimwamshe. Ukiwaambia, kesho tuna waandishi wa habari mlangoni. Utafiti wa miaka miwili unakufa kwa ndoo? Ni marufuku kuwasiliana na mshiriki yeyote. Ukitaka kazi yako, umenisikia."

"Nimekusikia."

"Moto wa Kifuu," akatabasamu.

Nilitoka ofisini kwake nikapitiliza mpaka kwa mshonaji. Kibanda chake kina cherehani moja, sare za shule zimerundikwa mpaka dirishani. Hakuacha kushona nilipoanza kueleza. Nikamwambia hana uchafu wowote na hakuwahi kuwa nao. Nikamwambia habari ya ndoo. Nikamwambia siwezi kuapa kwamba ndiyo iliyoitoa mimba, maana mimba hutoka kwa mengi, lakini namba zile zilipanda kwa kosa letu, si lake. Na nikamwambia tunaficha.

Mguu wake ukasimama juu ya pedali.

"Kliniki nilijiosha mara moja tu kwa mwezi," akasema. "Mimi nilikuwa najiosha na nyumbani."

"Vipi?"

"Kwa sabuni ile ile. Mliniambia nne, nikajiosha asubuhi. Mkaniambia saba, nikaongeza na jioni. Maji ya moto. Ilikuwa inaniwasha mpaka nalia. Nilitaka mwezi unaofuata nifaulu, kwa ajili ya mtoto."

Nilishindwa kumtazama. Nikatazama sare za watoto wa watu, nikazidi kuona vibaya. Nikamwambia niko tayari kwenda naye sasa hivi kwa mama mkwe wake, nikayaseme yote mbele ya mumewe.

"Mama mkwe atakuwepo na kesho," akasema. "Wangapi bado wana mimba?"

"Tisa."

"Na kadi zao zinasoma saba, nane, tisa?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo leo jioni watajiosha."

"Nadhani, ndiyo."

Akainuka, akanishika mkono na kuning'oa kwenye kiti cha wateja.

"Sasa wewe hapa kwangu unakaa kufanya nini?"