Merkiri Jikoni kwa Hadjara

Kabla ya vita Hadjara alikuwa anachomea dhahabu uani, mbele ya watu. Mtaa mzima wa Butembo ulimjua yule mama mjane aliyenunua kwa wachimbaji wa Manguredjipa vidonge vyao vya kijivu, dhahabu iliyoshikana na merkiri, yaani zebaki, akaviweka kwenye kikaango juu ya makaa mpaka merkiri iruke na dhahabu ibaki. Vita vilipoingia, wanajeshi wakaanza kuzunguka mitaani wakiangalia nani ana kitu. Hadjara akahamishia kikaango jikoni, akafunga mlango na dirisha. Jirani yao Ananie hakufanya hivyo. Watu wenye bunduki waliona anachoma nje, wakaja, wakabeba kila kitu mpaka masufuria, na yeye wakamwachia risasi kwenye paja.

Kwa hiyo hakuna aliyemlaumu Hadjara kwa kufunga dirisha. Hata Mapenzi, mkwe wake, aliyekuwa analala chumba kinachopakana na jiko, aliona ni akili nzuri. Mume wake Daudi, mwana wa Hadjara, aliendesha lori la mizigo na ndiye aliyeleta vile vidonge kutoka machimboni. Mapenzi alikuwa na mimba. Ya kwanza ilikuwa imetoka, na hii aliibeba kwa woga, akitembea polepole kama mtu mwenye mtungi kichwani.

Kisha siku moja asubuhi akaja Kanyere, muuguzi, na kikapu cha chupa ndogo zenye vifuniko.

“Wavukire, bamama,” alisalimia kwa Kinande, halafu akaendelea kwa Kiswahili. “Tuko tunafanya uchunguzi ku nyumba zote kwenye banachoma zahabu. Tunataka kujua kama merkiri inaingia mu mwili ya batu.”

“Inaingia wapi?” Hadjara alicheka. “Miye nachoma tangu huyu Daudi iko mutoto. Niko mugonjwa?”

“Njo ile tunataka kuona, mama.”

Kanyere alimwaga njiti za kibiriti mezani, akamwomba Hadjara azirudishe moja moja ndani ya kiboksi chake. Ilionekana kama mchezo. Hadjara alichukua njiti ya kwanza, ikamponyoka. Akachukua nyingine, ikagonga ukingo wa kiboksi, ikaanguka. Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka, na kadiri alivyojikaza ndivyo vilivyozidi. Mapenzi alijua kwamba mikono ya mama mkwe wake inatetemeka. Chai ilikuwa inamwagika kila siku kwenye sahani ya kikombe. Wote walisema ni uzee. Lakini Hadjara hakuwa mzee kiasi hicho, na siku ile ndipo Mapenzi alipolifikiria jambo hilo kwa mara ya kwanza.

Hadjara akasukuma kiboksi. “Bon, inatosha. Na hiyo chupa ni ya nini?”

“Ya mukojo, mama. Merkiri inapita mu mukojo. Tutaituma Kampala, ku laboratware, banapime.”

“Mukojo yangu haiende Kampala!” alisema Hadjara, akainuka, akaingia ndani.

Mapenzi alibaki ameishika chupa aliyopewa. Aliuliza kwa sauti ya chini, “Na mutoto? Ule iko mu tumbo?”

Kanyere aliweka kikapu chini. “Inaweza kumufikia. Namna gani, sijue bado. Muchomee inje, mama. Ao weye usikae karibu.”

“Inje basoda ba bunduki banaona.”

“Najua,” alisema Kanyere. “Kila nyumba bananiambia vile.”

Mapenzi alitoa mkojo wake, Kanyere akaondoka na chupa. Majibu yangerudi barabara ya Kasindi, ya kwenda Kampala, ikiwa wazi. Haikuwa wazi. Kulikuwa na mapigano, malori yakageuzwa, na hata Daudi alikwama Beni kwa muda.

Ndipo hofu ilipoanza kazi yake. Merkiri haina harufu, na mvuke wake hauonekani. Mapenzi alinusa mapazia, alinusa unga, hakupata kitu. Mdomo wake ulikuwa na ladha ya chuma, lakini si wajawazito wengi husema hivyo? Kila asubuhi alinyoosha mikono mbele yake, akaitazama. Pete yake ya ndoa, ya dhahabu, ilikuwa imepata weupe upande mmoja, kama imepakwa fedha. Alijaribu kuisugua na majivu, weupe haukutoka. Alipokumbuka kwamba merkiri hushikana na dhahabu popote inapoikuta, aliivua, akakaa kitandani, akalishika tumbo kwa mikono yote miwili.

Daudi aliporudi alimwonyesha ile pete.

“Tungojee majibu,” alisema Daudi. Alikuwa amechoka. “Nikimuambia mama aache, tutakula nini? Lori haitembee.”

“Na mutoto akizaliwa na mikono kama ya mama?”

“Usiseme vile.”

“Nani atasema, kama si miye?”

Daudi alivua viatu, akajilaza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kati ya mama yake na mke wake, na nje ya nyumba kulikuwa na bunduki.

Siku chache baadaye, kabla ya sala ya alasiri, Hadjara alijifungia tena jikoni. Mapenzi alisikia makaa yakilia, akasikia na mtoto akicheza tumboni. Hakupanga. Alizunguka nyumba, akasukuma dirisha la jikoni kwa nje mpaka likafunguka.

“Una wazimu?” Hadjara alipiga kelele. “Funga! Unataka batuue?”

“Mama, nisamehe. Haitafungwa leo.”

“Funga, nasema!”

Walikuwa bado wanavutana, mmoja ndani, mmoja nje, wakati lango la ua lilipogongwa kwa kitako cha bunduki. Wanajeshi wawili waliingia bila kungoja.

“Mama, nzala! Eloko ya kolya ezali?” Mmoja alisema kwa Kilingala kwamba wana njaa, kuna chakula? Mwingine alikuwa anatazama dirisha lililo wazi.

Mapenzi aliliacha dirisha, akawakimbilia. Aliwaonyesha kuku, aliwaonyesha ndizi, akawa anaongea bila kusimama ili wasiende jikoni. Yule wa pili alikwenda tu. Alisimama mlangoni, ambao Hadjara alikuwa ameshaufungua. Hadjara alikuwa amekaa kwenye kigoda, sufuria ya maharagwe iko juu ya makaa palipokuwa na kikaango, mkono mmoja umefumbwa mapajani, ndani ya kikwembe alichojifunga kiunoni.

“Iko maharagwe,” alisema Hadjara. “Haiive bado.”

Mwanajeshi alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akaona kuku wameshakamatwa, akatoka. Walikwenda na kuku na ndizi zote.

Lango lilipofungwa Hadjara alifungua mkono. Dhahabu, iliyokuwa imetoka motoni wakati ule, ilikuwa imeshika kwenye nyama ya kiganja. Hakuwa amelia. Mapenzi ndiye aliyelia, huku akimmwagia maji, huku akisema ni kosa langu, ni kosa langu mama.

“Nyamaza,” alisema Hadjara, meno yakigongana. “Sikia. Dirisha ikiwa wazi, banatuua. Ikifungwa, labda mutoto anakufwa. Sasa weye enda Beni kwa dada yako. Hata kesho. Miye nitabakia na kikaango yangu.”

“Na weye, mama?”

“Miye niliisha kuzaa.”

Mapenzi alisafiri kwa lori, juu ya magunia, na kila kizuizi barabarani alishika tumbo akisoma dua. Dada yake alimpokea nyumbani kwake Beu, mtaa wa Beni, mahali pasipo na dhahabu wala mchomaji. Huko ndiko Kanyere alikomfikia, barabara ilipofunguka na majibu yakaja.

“Merkiri iko juu, Mapenzi. Sana. Sitakuficha.”

“Mutoto?”

“Hakuna mutu anaweza kukuambia. Lakini ukiwa mbali na moshi, inapunguka pole pole. Nipe chupa ingine.”

Mtoto alizaliwa, msichana, akalia kwa nguvu na kunyonya vizuri. Walimwita Furaha. Majibu ya chupa ya pili yalipokuja, merkiri ilikuwa imepungua zaidi ya nusu. Mapenzi alimshukuru Mungu, lakini usiku na mchana aliendelea kumchunguza mtoto: anafuata mwanga? Anageuka akiitwa? Mtoto wa dada yake, rika la Furaha, alipoanza kukaa, Mapenzi alihesabu kama wake amechelewa.

Hadjara alikuja Beu mwisho wa mvua. Kile kiganja kilikuwa kimepona kwa kujikunja, na hakuweza tena kushika kikaango. Daudi sasa alikuwa anauza vile vidonge bila kuvichoma, kwa faida ndogo. Hadjara hakumpokea mtoto alipopewa.

“Nitamuangusha. Munifungie na kikwembe.”

Mapenzi alimketisha ukutani, akamfunga mtoto kifuani pake. Kanyere, aliyekuwa amekuja kumpima Furaha, alikuwa anapanga chupa zake.

“Mademoazele,” Hadjara alimwita, macho kwa mjukuu wake. “Ile chupa yako. Iko moja imebakia?”

“Iko, mama.”

“Leta. Na huyu, utarudia kumuangalia lini?”

“Akianza kutembea. Na akianza kusema. Na akienda masomo, kama vita inatuacha.”

“Miaka yote ile?” aliuliza Mapenzi.

“Miaka yote ile.”

Mapenzi aliinama, akakaza fundo la kikwembe lisifunguke. “Rudia tu,” alisema. “Usituache.”