Venisi Mbili, Lori Moja

Kwa packhouse yetu, pale maua zinafungwa kwa boksi ziende ng'ambo, hakuna mtu anaita mji jina lake. Jina la ukweli liko kwa lebo, lebo inatoka ofisi, na ofisi ni ya wale wamesoma. Sisi huku chini tuko na zetu. London ni Mvua. Oslo ni Friji. Dubai ni Mchanga. Supavaiza akipanda juu ya kreti apige nduru, "Friji, boksi thelathini!", kila mtu anajua ni maua za urefu gani, zinafungwa aje, na ni za meza gani. Unasikia, unafanya. Ndio maana mtu aliacha shule Form Two kule Keringet, kama mimi, anaweza kutuma maua Ulaya bila kuulizwa cheti.

Amsterdam ni Venisi. Ilikuwa hivyo kabla nikuje Karagita. Kuna mzungu aliwahi kusema mji wake unaitwa Venisi ya Kaskazini, juu maji inapita katikati ya mitaa na watu wanatembea na boti. Jina likashika. Venisi ilikuwa ya meza saba, meza ya Khadijo, na hakuna mtu alikuwa na neno.

Shida ilianza Januari. Kukakuja kastoma mpya, mzee mrefu wa Stockholm. Akasimama kwa meza tatu akampa Linah mkono, glovu ikiwa inadondoka maji na kila kitu, akamwambia mji wake umejengwa juu ya visiwa na unaitwa, skiza sasa, Venisi ya Kaskazini. Linah ameifanyia hii kampuni yetu miaka kumi na moja. Hakuna mgeni alikuwa ameshawahi kumpa mkono. Kutoka hiyo siku, maua za Stockholm zikawa Venisi kwa meza tatu na hakuna vile ungemwambia kitu.

"Wewe Linah," Khadijo akamwitia kutoka kwa meza yake, "Venisi ni yangu. Tafuta jina lako."

"Yako uliizaa?"

"Nimeipaki miaka sita!"

"Na mwenye yangu amekuja akanisalimia. Wako hata hajui kama uko hai."

Watu wakacheka hadi supavaiza akashuka kwa kreti. Mimi nikaenda choo na simu, juu simu huku ndani ni kosa, nikagoogle. Kumbe si mbili. Ni orodha. Bruges, Hamburg, Saint Petersburg, hata Manchester. Kila mji uko na mfereji unajiita Venisi. Na hapa kwetu ziwa lilipanda Kihoto watu wakatoka kwa nyumba zao na boti, na hakuna mtu alituita Venisi. Tuliitwa wahanga.

Nikarudi nikawaambia, "Zote ni za ukweli. Kila mtu akae na yake."

Mimi ndio nilikuwa mtu wa kubandika lebo. Kama kuna mtu alifaa kusema hapana, haiwezekani meza mbili na jina moja, ni mimi. Sikusema juu ilikuwa inachekesha.

Sasa nikueleze kitu moja ndio uelewe ile siku. Lebo haina tu jina la mji. Iko na namba ya mwenye amepaki. Linah ni 118. Maua zikifika Ulaya na makosa, kastoma anapiga picha ya lebo anatuma, na ile namba iko kwa picha ndio inapewa barua. Haijalishi nani alibandika. Barua tatu ni geti, unafutwa kazi. Linah alikuwa na mbili, moja ya mwaka juzi na moja ya Krismasi. Na ni yeye alinitafutia hiyo kazi. Tunakaa ploti moja, yeye na msichana wake Jerotich mlango wa nne, mimi wa saba. Mimi namwita mathe. Alinisemea kwa supavaiza akaniambia, "Chirchir, usiniaibishe."

Ilikuwa tarehe tisa Februari. Maua za Valentine. Tulikuwa tumesimama kutoka saa kumi na mbili asubuhi, vidole zimekufa ganzi, wale wa kukata huko kwa greenhouse wanaleta ndoo kama watu wanakimbizwa. Nilikuwa kwa coldroom na lebo zangu, mafungu mawili, Amsterdam ishirini na nne na Stockholm ishirini na nne. Makhanu ndiye alikuwa anasukuma troli.

"Leta Venisi!" nikamwambia.

Akaleta. Boksi zote zinafanana, kahawia, kamba mbili. Kila siku Amsterdam hutoka kwanza. Mkono wenyewe ukaenda kwa lebo za Amsterdam, sikuuliza. Nikamaliza.

"Leta Venisi ile ingine!"

Akaleta. Nikabandika Stockholm. Zikaingia lori, mlango ukafungwa, Hanif mwenyewe akaweka seal. Hanif ni meneja wa packhouse, mtu wa Nakuru mjini, hapigi kelele. Hiyo ndio inafanya watu wamwogope.

Saa saba tukaenda lunch. Linah alikuwa amekaa kwa simiti na kontena yake ya githeri, ameamka na furaha.

"Leo tumewanyorosha meza saba," akasema. "Zangu zilitoka kwanza. Khadijo amenuna hadi ameenda kukula pekee yake."

Nikaacha kutafuna.

"Zako zilitoka kwanza?"

"Makhanu alizibeba saa nne. Za Khadijo zilitoka saa tano na kitu. Kwani?"

Nilikuwa nahesabu kwa kichwa na kila mara inatoka vile vile. Za Linah ni ndefu, sentimita sitini, kila shada iko na karatasi yake ya supamaketi. Za Khadijo ni fupi, arobaini, uchi, za mnada. Lebo za Stockholm, zile ziko na 118, zilikuwa zimebandikwa kwa boksi za Khadijo. Yule mzee mrefu angefungua Valentine yake apate maua fupi bila karatasi, na namba ya Linah hapo juu.

"Mathe," nikasema, "nimebadilisha lebo. Zote arobaini na nane."

Aliniangalia. Akafunika kontena pole pole kama mtu anafunika mtoto.

"Lori liko wapi?"

"Geti."

Nikasimama. Akanishika apron.

"Kaa chini."

"Mathe, halijatoka bado."

"Nimesema kaa. Wakikata hiyo seal, ripoti inaandikwa leo. Namba kwa ripoti ni yangu. Mimi natoka leo, Chirchir. Likienda, barua inakuja baada ya wiki mbili. Wiki mbili ni kitu. Na labda hawataona."

"Hawataona? Arobaini na sitini? Hata kipofu ataona."

"Kuna siku tuliwatumia Mvua rangi ingine na hakuna mtu aliuliza!"

"Huyu ataona, mathe. Alikuja hapa akashika hizo maua na mkono yake."

Hapo aliacha apron. Hakusema sawa, aliachilia tu, na mimi nikakimbia.

Lori lilikuwa la pili kwa laini ya kutoka. Kibii, askari wa geti, alikuwa anaandika kwa kitabu chake na mwandiko wa kuchelewesha watu. Abdirashid, dereva, alikuwa ashawasha injini.

"Boss, zima kidogo," nikamwambia. "Kuna makosa kwa mzigo."

"Nizime?" Abdirashid akacheka. "Ndege inaningoja mimi ama inakungoja wewe?"

"Dakika kumi tu. Tufungue nibadilishe lebo."

"Ona hii kijana. Seal iko na namba, namba iko kwa karatasi. Ikikatwa bila Hanif, airport nitaambiwa nimeiba maua. Utakuja kunitoa ndani wewe?"

"Buda, nisaidie."

"Niitie Hanif ama utoke mbele ya gari."

Sikutoka. Hiyo ndio kitu nilijua kufanya. Nilisimama mbele ya bampa na Abdirashid akapiga honi, ndefu, hadi watu wa lunch wakasimama. Lile lori la mbele likatoka. Kibii akanishika mkono akinivuta, "Chirchir, wacha ujinga, utakanyagwa," na gari ikasonga kama futi moja hivi. Niliskia joto ya injini kwa kifua. Bado sikutoka.

Hanif akatokea. Hakukimbia. Alikuja na lile bodi lake la karatasi chini ya mkono.

"Nini?"

"Lebo za Amsterdam na Stockholm zimebadilishana. Ni mimi nilibandika."

"Unajuaje?"

"Meza tatu ilitoka kwanza. Mimi nilidhani ni meza saba."

"Ulidhani kwa nini?"

"Zote zinaitwa Venisi."

Aliniangalia kama mtu ameambiwa ng'ombe imepanda mti. Halafu akageuka, juu Linah alikuwa amefika nyuma yangu, na Khadijo nyuma yake, na Makhanu na mdomo bado iko na chapati.

"Sikiza Linah," Hanif akasema. Sauti ya chini tu. "Hii seal nikiikata, hii gari inachelewa na inapata joto, na naandika. Nikiikata nipate mzigo uko sawa, huyu kijana anatoka na wewe uliyemleta unatoka. Maua zako zilitoka kwanza ama hazikutoka kwanza?"

Injini inanguruma. Linah alikuwa ameshika glovu zake mbili kwa mkono mmoja, anazikamua na hazina maji. Ningejibu mimi, lakini hakuniuliza mimi. Nilijua anahesabu zile wiki mbili zake. Abdirashid akapiga honi kidogo, tii, na hakuna mtu aligeuka.

"Fungua," Linah akasema.

Hanif akakata. Boksi ya kwanza ya Stockholm kushuka, akapasua kamba na kisu chake. Maua fupi. Uchi. Namba 118.

Akaangalia saa. "Gari inatoka baada ya dakika ishirini. Ikipita hapo imekosa ndege."

Sijawahi kuona watu wakifanya kazi vile. Ofisi ikachapisha lebo mpya, Makhanu akawa ndani ya lori anasukuma boksi mlangoni, mimi na Khadijo tunabandika juu ya zile za kwanza. Baridi inatoka kwa lori inatupiga uso na jua linatuchoma mgongo. Hanif anasoma moja moja, mji, meza, na anataka kuona kamba imekatwa upande achungulie ndani ndio aamini. Kwa boksi ya thelathini na mbili printa ikakwama. Khadijo akatukana printa kwa Kisomali, neno moja nilielewa bila kufunzwa. Ikarudi. Boksi ya mwisho iliingia ikiwa imebaki dakika mbili na Hanif akaweka seal mpya, akaandika namba, akamrushia Abdirashid karatasi. Lori likatoka bila mtu kusema kwaheri.

Hapo ndio Hanif akatoa kalamu. Akaweka karatasi juu ya pipa ya maji hapo kando ya geti.

"Makosa ya namba gani?"

Linah akasonga mbele. "Mia moja na..."

"Makosa ni ya lebo," nikasema. "Meza haijakosa. Umechungulia zake wewe mwenyewe. Zilikuwa sitini? Ziko na karatasi?"

"Ziko."

"Basi andika lebo."

Hanif hakuandika. "Na nani alikubali meza mbili jina moja?"

Khadijo akaangalia viatu vyake. Linah akafungua mdomo.

"Mimi," nikasema. "Walibishana nikawaambia kila mtu akae na yake."

Na hiyo hata si uongo. Hakukuwa na haja ya kuongeza kwamba ni Linah alileta ile Venisi ya pili.

Hanif akaandika jina langu, lote, na herufi zake ndogo. Akaandika kwa muda mrefu. Halafu akasema bila kuinua kichwa, "Wewe ni kibarua wa season. Ile orodha ya kuchukuliwa permanent inatoka kesho."

"Najua."

"Usingoje. Rudisha apron na glovu." Akamsukumia Linah karatasi. "Weka sahihi hapa. Shahidi."

Linah akachukua kalamu lakini mkono haukushuka. "Bwana Hanif, hili jina ni mimi..."

"Mathe, weka sahihi," nikamwambia.

"Usiniambie nifanye nini."

"Basi simama hapo hadi uandikwe na wewe. Jerotich atakula huo ukweli wako?"

Nilimwambia vibaya, na mbele ya watu. Aliniangalia na hasira ile ya mtu anakudai heshima. Lakini aliandika. Kalamu ilikwaruza hiyo karatasi hadi karibu ipasuke. Akampa Hanif, akavaa glovu moja, halafu ile ya pili, na akipita kando yangu akasema kwa sauti ya mimi tu kusikia, "Nilikuambia ukae chini, mjinga wewe." Sauti ilikatika hapo kwa mjinga. Akaenda kwa meza yake na hakugeuka.

Nikatoa apron. Nikaikunja, sijui kwa nini, sijawahi kukunja nguo. Nikampa Makhanu glovu.

Kwa geti Kibii akaniambia niinue mikono. Hiyo ni sheria, kila mtu akitoka anapapaswa asije akabeba maua. Akagusa mifuko, akagusa soksi, akaangalia ndani ya kofia.

"Uko sawa," akasema, akashika kitabu chake. "Naandika unarudi saa ngapi?"

"Usiandike," nikamwambia, nikaanza kutembea upande wa Kamere, nikaulize kama kuna shamba bado linaandika watu.