Pindo la Jezi ya Ngongoti

Ligi yetu ya kikapu ya kulipwa iliuawa na viongozi, hilo nitalisema mpaka kaburini. Marehemu mke wangu ndiye aliyeshonea timu yetu jezi. Jana Ngongoti, mchezaji mrefu kuliko wote, alikuja kunipakia dari rangi, kazi anayoifanya bila ngazi. Alivaa jezi yake ya zamani. Tukawa tunamkumbuka Kengele, mchezaji mwenzake aliyepiga kelele mechi nzima, mara nikaona pindo la jezi ya Ngongoti lina kitambaa kingine, cha buluu chenye mistari.

"Hiki kimetoka wapi?"

"Viongozi walileta kitambaa pungufu, kaka. Jezi yangu ikaishia kitovuni. Mkeo akasema ataiongeza."

"Hii ni suruali yangu ya harusi iliyopotea! Miaka ishirini namwita kaka yake mwizi! Mbona mke wangu hakuniambia?"

"Ungeenda kupigana ofisini kwao."

Kweli, ningeenda. Wao walikula kitambaa, lawama akabeba shemeji yangu.

Ngongoti akacheka. "Lakini suruali yako imecheza fainali."

Nikamwambia avue jezi. Nilikuwa nakwenda kuomba radhi, na bila ushahidi shemeji asingenifungulia mlango.