Salamu Zinazopanda Malori

Hasira zangu zinajulikana Tunduma nzima, lakini siku Saidi, dereva mwenzake mume wangu, alipoingia uani na simu mkononi, zilinipanda mpaka utosini.

"Shemeji Ketrina, sauti ya Samwel imo humu," alisema. "Tulipaki pamoja upande wa Kongo, simu zikapeana salamu zenyewe. Ila haifunguki!"

Samwel ni mume wangu, dereva wa lori. Kule porini mtandao hakuna, ndiyo maana nilitengeneza ile programu: malori yakipaki jirani, simu moja inaachia nyingine sauti bila bando, na dereva anayerudi anatuletea nyumbani. Zamani barua zilisafiri hivyo hivyo, mfukoni mwa dereva mwenzio. Wake za madereva walinipenda, acha tu!

Sasa wenye mfumo wa simu wameamua kila mtengeneza programu awe na cheti chao, alipie kwa dola, aonyeshe kitambulisho. Huna cheti, kazi yako inafungwa. Ada ningejikamua. Tatizo akaunti niliifungua kwa laini ya Zambia, maana bando la Nakonde, ng'ambo ya mpaka, lilikuwa rahisi. Nani hapa mpakani hana laini mbili? Basi wakataka kitambulisho cha Zambia. Mimi Mtanzania, Mnyiha wa Mbozi, nikitoe wapi? Niliwaandikia, nikabembeleza, nikatukana. Ilinijibu mashine.

Kampuni moja ya Dar ilijitolea: cheti wanacho, ila programu iwe yao, na kila sauti waikague kwanza. Nilikataa. Afadhali ife, nilisema.

Lakini sasa simu ilikuwa mezani, na Samwel yumo ndani. Jamani, nilimkumbuka mume wangu! Hata kikohozi chake tu kingenitosha. Mpenda chongo huita kengeza. Nikajiambia wakaguzi nao ni watu, wana kazi zao. Nikasaini mkataba wao.

Sauti ikaenda Dar, kesho yake ikarudi imeruhusiwa. Saidi akatoka nje kwa adabu. Nikaibana simu sikioni.

"Mke wangu," Samwel alisema taratibu, "haya hata Saidi sijamwambia. Naweza kukwambia humu tu, kwa sababu chombo ni chako, najua hakuna mwingine anayesikia."

Nilitamani kumziba mdomo. Wa Dar walishamsikia jana.